Shangazi, Nimevuka Panama

Shangazi,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mkono wangu haujui kuanza barua yako kwa namna nyingine. Tangu nikiwa mdogo ulinikataza kuingia chumbani kwako bila salamu. Leo nimeingia, nimekaa kwenye kiti chako cha kamba pale dirishani, nimekusalimia kwa sauti. Idi alikuwa anapita ukumbini. Amesimama kidogo, kisha amepita zake. Mwanao ana adabu, Shangazi. Ulimlea vizuri, ukanilea na mimi mtoto wa mdogo wako pamoja naye.

Jana tumesoma arobaini yako. Watu walijaa mpaka tukaazima mikeka msikitini, na bado wengine wakasimama barabarani. Nusu yao walikuwa wanafunzi wako. Wapo wenye mvi sasa, wapo wauguzi, wapo waendesha bodaboda, yupo mama mmoja anayeuza mawese Mwandiga aliyekuja na dumu zima la kupikia. Kila aliyeniona aliniuliza, "Wewe ndiye Zaituni, yule wa meli?" Nikiitikia, linafuata la pili: "Ni kweli umevuka Panama?" Kumbe uliwatangazia Ujiji nzima hata kabla sijavuka.

Nimevuka, Shangazi. Siku uliyokufa ndiyo siku niliyovuka. Nitakueleza, ila nipe nafasi nianze mbali kidogo, kwa sababu nikianzia hapo sitafika.

Unakumbuka ulivyotupeleka ufukweni kuchimba? Nilikuwa kidato cha tatu, darasani kwako, nikikuita Mwalimu kama wenzangu ingawa asubuhi ileile ulikuwa umenisuka nywele na kunivuta masikio kwa kutotulia. Ulitutoa darasani na majembe, sepetu la kuazima, na vipande vya bati alivyokukatia fundi mabomba. Tukateremka hadi pale kijito kinapoingilia ziwani. Wewe ulibaki juu, mbali na maji, chini ya mwavuli wako mweusi, ukatoa amri kama mnyapara. Chimbeni chumba cha kwanza. Sasa cha pili, kiwe juu ya cha kwanza. Sasa cha tatu. Wekeni bati hapa, na hapa. Nani ana kibuyu?

Tulikuwa na nusu ya kibuyu, ndiyo iliyokuwa meli. Tukaiweka chumba cha chini, tukafunga bati nyuma yake, tukaachia maji kidogo kutoka chumba cha juu. Kibuyu kikaanza kupanda. Polepole, chenyewe, hakuna aliyekigusa. Maji yalipolingana tukafungua bati la mbele, kikaelea kikaingia chumba cha pili. Darasa zima lilipiga kelele kama tumefunga goli. Wewe ukasema kutoka kule juu, "Mmeona? Hakuna mashine inayoinyanyua meli. Maji ndiyo yanayobeba. Kazi ya mtu ni kufungua, kufunga, na kuwa na subira."

Akaja yule mvuvi mwenye hasira, "Mwalimu, hawa watoto wananizibia njia ya mtumbwi!" Ukamjibu kwa upole kabisa, "Kaka yangu, wanachimba Panama. Kaa kidogo uone." Akakaa. Kabla ya alasiri alikuwa amejaa tope hadi magotini, anabishana na wavulana kuhusu bati la tatu, na tulipokuwa tunaondoka akakuuliza, "Na Suez mtakuja kuichimba lini?"

Ukamwambia Suez haina ngazi. Bahari ya huku na bahari ya kule ziko karibu usawa mmoja, kwa hiyo Suez ni mchanga na jembe tu. Jembe na watu. Hapo uso wako ukabadilika. Ukatueleza jinsi wakulima wa Misri walivyotolewa vijijini mwao kwa nguvu wakachimbe, wengine kwa mikono, na jinsi wengi hawakurudi. Ukatueleza Panama, Wafaransa walivyoanza na mbwembwe kisha wakashindwa kwa mbu, homa na milima inayoporomoka, na Wamarekani walipokuja kuumaliza, waliochimba hasa walikuwa watu weusi kutoka visiwani Karibi, wanachimba leo, mvua inanyesha, mlima unashuka, wanachimba palepale tena kesho. "Asinitajie mtu urefu wa mfereji," ulisema, "kabla hajaniambia nani alichimba." Na kweli, kwenye mitihani yako mtu angeweza kukosea urefu akapata alama, lakini asipowataja wachimbaji alikula sifuri.

Ni siku ile Rashidi, yule mwenye meno ya mbele yaliyopishana, alipouliza, "Mwalimu, mbona sisi hawakutuchimbia?" Tukacheka. Wewe hukucheka. Ukasema ni swali zuri kuliko yote ya mwaka huo. Ukatuambia ziwa letu liko juu mno, kwamba ngazi za Panama tungezihitaji karibu mara thelathini ili meli ya baharini itufikie. Ndiyo maana meli zetu za zamani zilikuja zimefungwa kwenye masanduku, vipande vipande, juu ya treni, zikaungwa hapahapa Kigoma. "Reli ndiyo mfereji wetu," ulisema, "na babu yangu mimi ni miongoni mwa waliobeba mataruma yake. Kwa hiyo hata huu nijibuni: nani alichimba?"

Mimi nilikuwa nakutazama chini ya ule mwavuli nikijiuliza kitu ambacho hakuna mwenzangu aliyekijua. Mwalimu anayejua kila mfereji wa dunia, anayekuchorea Korintho na kuta zake za mwamba na Kiel inayokata Ujerumani, hajawahi kupanda hata boti la kijijini Mwamgongo kwenda kumsalimia mdogo wake, baba yangu.

Sababu niliambiwa na Baba nikiwa mdogo sana. Bibi yetu, mama yenu, alizama akitoka Mwamgongo na mzigo wa mihogo. Wewe ulikuwa msichana, umesimama ufukweni Kibirizi unamsubiri. Uliona boti likija. Kisha hukuliona. Toka hapo hukukanyaga chombo cha majini. Baba alikuwa mchanga, hakumbuki kitu, akakua akawa mvuvi kama ziwa halina deni naye. Wewe ukakimbilia darasani, kwenye ramani.

Sasa nije kwenye ile safari yako. Idi ameisimulia jana tena mbele ya watu, wakacheka hadi wakatoa machozi, lakini mimi nilikuwepo upande wa pili, na upande wa pili haikuwa kichekesho.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimepata nafasi ya kusomea uofisa wa meli Dar es Salaam. Wewe ndiye uliyenisukuma kuomba. Baba akaja Ujiji, akafurahi, akanywa chai, akasema nimsindikize nyumbani Mwamgongo nikawaage ndugu. Nikaenda. Siku ya kurudi ilipofika akasema, "Huendi." Hakugomba. Aliendelea kutengeneza wavu wake. Nikalia, nikagoma kula, mama yangu akabembeleza, wapi. Baba akawa anasema neno moja tu, "Ziwa lina mwisho, bado lilimchukua Mama. Bahari haina mwisho." Kule wakati ule simu ilikuwa ya kupanda mlima kuitafuta. Nikaona chuo kinafunguliwa bila mimi.

Habari ilikufikia kwa wanawake wa dagaa. Nao wakaniambia baadaye ulivyofunga mlango, ukavaa baibui lako jeusi la shughuli, ukaenda Kibirizi kwa miguu ukauliza boti la Mwamgongo liko wapi. Nahodha alidhani umepotea. Ulikaa katikati kabisa, kati ya magunia, umeshika ubao kwa mikono yote miwili, umefumba macho, unasoma kila dua unayoijua. Mlipofika mbele ya milima ya Gombe upepo ukainuka. Ulitapika. Mama mmoja Mkongo alikushika kichwa njia nzima. Sijui jina lake mpaka leo, Shangazi, lakini nimemwombea mara nyingi.

Mwamgongo haikuwa na gati. Vijana walikuja kubeba abiria mabegani kama kawaida. Ukawakatalia. Ukashuka mwenyewe, maji kiunoni, baibui limekuganda mwilini, ukatembea mpaka mchangani. Nilikuwa naosha sufuria. Niliinua macho nikamwona shangazi yangu anatoka ziwani.

Hukunisalimia. Ulimwendea Baba pale kwenye wavu, na yeye alisimama haraka mpaka wavu ukamnasa miguu. Akasema, "Dada! Dada, umekuja na nini?" Ukasema, "Kwa maji. Nitazame." Akakutazama toka kichwani hadi miguuni. Ukamwambia, "Mimi nilimwona Mama akizama, wewe hukumwona. Mimi ndiye mwenye haki ya kuogopa kwenye ukoo huu, na nimeogopa kwa niaba yenu wote, inatosha. Mtoto huyu haogopi. Usimpe hofu yangu."

Halafu ukakaa chini kwenye mchanga wenye maji, mwalimu mzima na heshima zako, ukalia. Baba akapiga magoti akaanza kukukamua baibui kwa mikono yake kama mtu anayekamua nguo ya mtoto. Sikuwahi kumwona Baba analia kabla ya hapo. Usiku ule ulilala na mama yangu, na kesho yake tulirudi wote wawili kwa boti lilelile. Nilikushika mkono. Uliniumiza vidole, hukuniachia mpaka Kibirizi. Tulipokanyaga nchi kavu ukasema, "Mwana wanje, mwanangu, ukawe nahodha haraka, maana mimi hapa sirudii tena." Na kweli hukurudia.

Nilielewa mapenzi yako ya mifereji siku nilipopita Suez mara ya kwanza. Sikuwahi kukuambia, nilidhani tutapata muda. Tulikuwa kwenye msafara, meli nyuma ya meli, tunakwenda taratibu kama watu wanaosindikiza maiti. Upande mmoja kulikuwa kijani, mitende na mashamba, upande wa pili mchanga mtupu hadi macho yanapochoka. Rubani wa Kimisri alikuwa amepanda, mzee mcheshi, tukaamkiana kwa salamu aleikum akafurahi sana kumkuta Mwislamu wa kike kwenye usukani. Nikatazama kulia, nchi. Nikatazama kushoto, nchi. Hapo ndipo nikakuona wewe umesimama Kibirizi, msichana, unatazama maji yasiyokuonyesha ng'ambo. Kumbe ulikuwa unatafuta maji yenye kingo mbili, na kingo zote mbili mtu aweze kuziona.

Nilipotoka zamu nikakupigia kwa picha. Mtandao wa jangwani ulikuwa mzuri kuliko wa Ujiji. Ulivaa miwani, ukasogeza uso mpaka nikawa naona jicho moja tu. Ukasema, "Acha kunionyesha meli, meli naijua. Nionyeshe udongo." Nikageuza simu nikakuonyesha ukingo. Kisha nikakusikia unasoma Fatiha, polepole, unawasomea wale wachimbaji. Nami nikaisoma na wewe.

Na ile meli iliyokwama! Nilikuwa nyumbani likizo, Mungu alinipa bahati ya kuiona sinema ile. Meli ndefu kuliko mtaa wetu, imejichomeka kwenye mchanga wa Suez, pua ukingo huu, mkia ukingo ule, na dunia nzima imesimama nyuma yake. Kufika adhuhuri sebule yako ilikuwa imejaa. Wanafunzi wako wa miaka yote walikuja kama wamesikia kengele ya shule. Muuza mitumba wa sokoni, yule Chande, alikaa mlangoni ameshika tama, "Mwalimu, robota zangu ziko nyuma ya hiyo meli. Watatoa lini?" Ukamwambia, "Meli haivutwi kama ng'ombe, Chande. Wachimbe mchanga chini ya pua yake, halafu wangoje maji yajae." Akauliza, "Yajae kwa mvua?" Ukasema, "Kwa mwezi." Akageuka kunitazama mimi, akitaka kujua kama unamtania. Nikamwambia ni kweli, mwezi mpevu ukija bahari inajaa zaidi. Akatoka nje, akatazama juu mchana ule mweupe, akarudi, "Bado."

Siku ilipochomoka ulipiga vigelegele kama vya harusi. Chande alituletea kuku. Nilikuwa sijakuona mchangamfu namna ile tangu ustaafu, na sikukuona hivyo tena.

Baada ya hapo ikaja presha, halafu mguu, halafu ule mkono wa kushoto uliokataa. Ulikuwa unaniambia kwenye simu, "Sijambo, nina uvivu tu." Idi ananiambia kweli, wewe unaniambia uvivu. Niliposaini kwenda safari ya Panama nilisitasita. Nilikupigia nikasema nitaahirisha. Ulinijia juu. "Panama haiji Ujiji kunijulia hali. Nenda. Ukifika kwenye zile ngazi uniambie jambo moja ambalo vitabuni halimo: mtu aliye ndani ya meli, maji yakiingia, anahisi kupanda?"

Tulifika tukakuta foleni. Mvua zilikuwa zimekataa Panama, na wewe unajua kuliko mimi kwamba mfereji ule unakunywa maji ya mvua. Kila meli ikipita, maji matamu ya ziwa lao yanamwagikia baharini. Ziwa likishuka, wanapunguza meli. Tukatia nanga tukangoja. Meli zilitanda hadi upeo wa macho. Mimi nilikuwa nahesabu mawingu kama mkulima wa Kalinzi. Nilikupigia, ukaongea kidogo, ulimi mzito. Ukasema, "Subira." Nadhani ulisema subira. Ndilo neno la mwisho nililolisikia kwako, na hata hilo sina hakika nalo.

Zamu yetu ikatangazwa. Asubuhi tulipokuwa tunajiandaa, simu ya Idi ikaingia. Alilia tu. Nikamwambia, "Nimeelewa, Idi. Nimeelewa." Kwenu ilikuwa alasiri, wanataka kukuzika kabla ya magharibi.

Nahodha wetu ni Mgiriki, mkali, mtu wa maneno machache. Alisema nikapumzike, ataweka mwingine. Nikakataa. Sikukataa kwa ushujaa, Shangazi. Nilijua nikiingia chumbani nitabaki na ukuta. Nahodha akanitazama, akasema, "Basi nenda nyuma, mahali pako." Nikaenda nyuma ya meli na redio yangu na kofia yangu ngumu. Serahangi, mkuu wa mabaharia, ni Mfilipino mtu mzima, amepita pale mara nyingi. Alikuwa ameshaambiwa. Aliniwekea mkono begani mara moja akautoa.

Wakaja watu wawili kwenye mtumbwi mdogo wa makasia kutuletea kamba za kwanza. Ungecheka. Mfereji wote ule, mitambo yote ile, bado kuna watu wawili na makasia. Kamba zikashikwa na vile vitreni vya umeme wanavyoviita nyumbu, huku na huku ya meli, vikatuweka katikati kama bibi harusi. Tukaingia chumba cha kwanza. Kutoka nyuma nilikuwa nayaona malango yakifungwa, mawili, mazito, yanakuja taratibu yanakutana katikati kama viganja vya mtu anayeomba dua. Ukuta ulikuwa juu yangu, mweusi, unatiririka, una mstari wa majani ya mwani kwenye nyufa.

Jibu la swali lako ni hili. Huhisi kitu. Hakuna mtikisiko, hakuna sauti kubwa, maji yanachemka kidogo pembeni basi. Mtu anasimama palepale. Ila ukitazama ukuta, ukuta unashuka. Ule mstari wa majani uliokuwa kichwani kwangu ukawa kifuani, ukawa magotini, halafu nikaona nyasi, nikaona mtu amesimama na birika la chai ananipungia mkono, nikaona mlima. Nikasema kwa sauti, "Huhisi, Shangazi. Unaona tu." Serahangi akageuka. Nikamweleza kwa Kiingereza changu kwamba shangazi yangu aliniuliza, na anazikwa sasa hivi. Akavua kofia. Wale mabaharia wengine wawili, mmoja Mhindi, mmoja Mfilipino kijana, wakavua zao. Tukapanda chumba cha pili hivyo, vichwa wazi, kinyume cha sheria zote za usalama, na nahodha kule juu aliona akatuacha.

Nililia chumba cha tatu. Tulipotokea ziwani kwao, maji yametulia, visiwa vya msitu vilivyokuwa vilele vya milima kabla hawajayajaza maji mabonde, nilidhani nimerudi nyumbani. Milima kama ya kwetu. Nilisoma Fatiha mbili, yako na ya wachimbaji.

Ilinichukua siku nyingi kufika. Meli haisimami mtu akashuka. Nilishukia bandari iliyofuata, ndege, ndege, kisha treni ya Kigoma kwa sababu nilitaka kuja kwa njia ya babu yako. Baba alinipokea stesheni. Amezeeka ghafla, Shangazi. Alinishika mikono akazitazama kucha zangu kama anakagua kama nimekamilika.

Tangu ulipoondoka mambo mengine yamebadilika. Ziwa limepanda. Uliliona likianza, sasa limekula pale tulipochimba, kile kijito hakina mdomo tena, na nyumba za watu chini kule zimebaki paa. Watu wanalaumu mto Lukuga ng'ambo ya Kongo, mlango pekee wa ziwa letu kutokea, kwamba umeziba, kwamba ungechimbuliwa. Wengine wanasema ni mvua tu. Ungekuwepo wangekuja sebuleni kukuuliza. Walikuja kuniuliza mimi, nikawaambia sijui, na ni kweli sijui. Idi alitaka kukuzika karibu na babu zetu, Baba akagoma. Akasema makaburi yale maji yatayafikia. Akakuchagulia mahali juu, penye mwinuko, akachimba mwenyewe pamoja na vijana hadi wakamnyang'anya jembe. Nilipofika nilipanda huko. Ziwa unaliona lote, liko mbali sana.

Wiki iliyopita mwalimu mpya wa jiografia aliniita nizungumze na kidato cha tatu. Ni msichana mdogo, mwanafunzi wako wa mwisho mwisho. Nikawaeleza. Walipouliza Suez ni ndefu kiasi gani nikawajibu kwa sauti yako lile neno lako, "Asinitajie mtu urefu," nikajisikia mwenyewe, darasa likacheka kwa sababu na yule mwalimu alikuwa ameanza kulisema pamoja nami. Mwishoni binti mmoja kutoka Mwamgongo alinifuata nje. Akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, baba alikukubalia vipi?" Nikakaa naye kwenye ngazi za darasa, nikamsimulia habari za mwanamke aliyetoka ziwani na baibui limelowa. Alisikiliza mpaka kengele ikalia ikanyamaza. Jumamosi tunakwenda kwa baba yake, mimi na Baba yangu. Baba mwenyewe ndiye aliyesema twende, "Mzee yule namjua, tutazungumza kivuvi."

Mwezi ujao nakwenda Dar kufanya mtihani wa unahodha. Naogopa. Nakuahidi nitaufanya, na nikishindwa nitarudia, na sitasema nina uvivu. Nakuahidi pia kwamba kila likizo, kabla sijalala kitanda chochote, nitafika kwanza Mwamgongo kumwona Baba, maana yeye yuko hai na ana maswali mengi kuliko nilivyojua. Leo asubuhi kaniuliza kama Wagiriki wanakula samaki wa migebuka.

Nimefunga dirisha lako, mvua inakuja kutoka Kongo. Idi atalala chumba hiki kuanzia leo, nimemruhusu kwa niaba yako. Mungu akulaze pema, Mwalimu wangu. Nakuaga. Baba na Idi wananiita, wamekwisha kupakua, na wewe hukupenda mtu achelewe chakula.

Mwanao wa kulea,
Zaituni